Mbunge Akivaa Joho

Katiba yetu ina jambo moja ambalo wengi mtaani hawajaligundua, na nikiwaambia wanadhani natunga. Ukitaka kuwa kamishna wa tume ya uchaguzi, IEBC, lazima uwe umekaa miaka mitano nje ya siasa. Usiwe ulikuwa mbunge, usiwe uligombea kiti, usiwe ulikuwa katika uongozi wa chama. Hicho ni Kifungu cha 88. Lakini ukitaka kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, mmoja wa wale saba wanaoamua kama kamishna huyo alihesabu kura za urais sawasawa, hakuna miaka ya kusubiri. Kifungu cha 166 kinakudai tajriba ya miaka 15 katika sheria, maadili mema, uadilifu, na moyo usiopendelea. Kama ulitoka Bungeni jana au mwaka 1992, hakuna anayekuuliza.

Kwetu hoja hii ina jina la mtu. Njoki Ndung'u aliingia Bungeni mwaka 2003 kama mbunge wa kuteuliwa, akakaa humo hadi Bunge lilipovunjwa mwaka 2007. Baadaye akawa katika Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya Katiba ya 2010. Juni 2011 akaapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, katika ile benchi ya kwanza kabisa chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga. Piga hesabu mwenyewe: kutoka Bungeni hadi kwenye joho, haikutimia miaka minne. Kwa kipimo cha Kifungu cha 88, mwezi ule asingekubaliwa kuwa kamishna wa IEBC.

Na hakuwa mwanasiasa wa makelele. Hakuwa wa kurusha viti wala wa kupanda juu ya gari na kipaza sauti. Alikuwa wa wastani, kama tunavyosema, wa kuongea na pande zote. Swali langu ni hilo: mtu kama huyo afaa kupelekwa kwenye mahakama ya mwisho ya nchi, au siasa ni siasa tu hata ikivaa miwani?

Baba ana jibu lake, na analo tangu Septemba 1, 2017. Siku hiyo majaji wanne, Maraga, Mwilu, Wanjala na Lenaola, walifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Jaji Ibrahim alikuwa mgonjwa. Wawili wakakataa: Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u. Huku kwetu Jericho watu walitoka nje na sufuria wakipiga kelele, na matatu za Jogoo Road zikapiga honi mpaka jioni. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya Afrika kufuta uchaguzi wa rais. Baba alibaki ndani na redio yake. Alitaka kusikia wale wawili hadi neno la mwisho, na Ndung'u aliposema kwamba kasoro zilizokuwepo hazikutosha kupindua uamuzi wa wapiga kura, akazima redio.

“Huyo alikuwa Bunge,” akaniambia. “Siasa ni kama harufu ya omena. Hauwezi kuoga siku moja ikaisha.”

Sikubishana naye siku hiyo. Watu walikuwa wamepigwa risasi Mathare na Kisumu mwezi uliotangulia, na Baba alikuwa na jamaa huko kote. Lakini hesabu yake ilikuwa na tobo tangu mwanzo, nami nimemwonyesha mara nyingi tangu hapo. Ojwang hakuwahi kuwa mbunge. Alikuwa profesa wa sheria, msomi wa vitabu tangu ujana wake, tena mtu wa kutoka Nyanza, ambako wengi walikuwa wamempigia Raila kura. Akafika palepale alipofika mbunge wa zamani. Kama ni omena iliyomnukia Ndung'u, Ojwang alinukia nini?

Baba hujibu kwa kukohoa.

Ajabu ni kwamba ni Baba huyohuyo aliyenifundisha mfano mkubwa zaidi wa kumpinga. Alikuwa kijana karani wa reli, enzi za East African Railways, na mwaka 1972 alikuwa stesheni ya Kampala. Tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia habari za Benedicto Kiwanuka. Huyu alikuwa mwanasiasa mtupu: kiongozi wa chama cha Democratic Party, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, kabla ya kushindwa na Obote katika uchaguzi wa mwaka huohuo. Obote akaja kumfunga. Idi Amin alipopindua serikali mwaka 1971 akamfungua, na kabla mwaka haujaisha akamfanya Jaji Mkuu. Ukiangalia kwa macho ya mtaa, mambo yalikuwa wazi: Amin kamtoa jela, kampa kazi, kwa hivyo kamnunua. Lakini Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa akishikiliwa bila sheria aachiliwe. Siku chache baadaye, tarehe 21, watu walimfuata palepale kwenye jengo la mahakama, wakamtoa nje, wakamtia kwenye gari. Hakuonekana tena.

Baba alisema kesho yake watu stesheni waliongea kwa macho tu. Treni ya Nairobi iliondoka kwa saa yake. Hiyo ndiyo sehemu anayoirudia, sijui kwa nini, kwamba treni iliondoka kwa saa yake.

Na Uganda ina mwingine. George Kanyeihamba alikuwa waziri katika serikali ya Museveni, akafika hadi waziri wa sheria, kisha akapelekwa Mahakama ya Juu. Mwaka 2006 Kizza Besigye alipopinga uchaguzi wa rais, majaji wanne walisema Museveni abaki, watatu wakasema uchaguzi ufutwe. Kanyeihamba alikuwa kati ya hao watatu. Waziri wa zamani wa rais akataka kura za rais zifutwe! Hata Marekani, wanaojifanya hawataki siasa kortini, Jaji Mkuu Earl Warren alikuwa gavana wa California, na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza katika mahakama yao ya juu mwaka 1981, alikuwa amekaa seneti ya jimbo la Arizona. Alikuwa wa wastani hasa, na kwa miaka mingi kura yake ndiyo iliyokuwa ikiamua upande gani ushinde.

Kwa hivyo sikubali kwamba ubunge ni ugonjwa. Wasiwasi wangu ni mwingine, na ulitoka Umoja, kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa msimamizi wa ploti, zile za ghorofa tano, choo kimoja kila korido. Mwaka 2008 binti wa mpangaji wake, mtoto wa miaka 12, alinajisiwa na mtu mzima wa ploti jirani. Mama yake alikuwa muuza mboga, hakujua korti inaanzia wapi. Shangazi ndiye aliyempeleka hospitali, kisha polisi, kisha kortini, na kortini walirudi mara nyingi mno kwa sababu kila tarehe ilikuwa na sababu yake ya kuahirishwa. Lakini kulikuwa na sheria mpya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilisema mtu akimnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, akipatikana na hatia, ni miaka 20 na kuendelea. Hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Zamani sheria iliweka adhabu ya juu tu, na chini mlango ulikuwa wazi.

Aliyeleta mswada wa sheria hiyo Bungeni ni Njoki Ndung'u. Bunge lile lilikuwa na viti 222 na wanawake hawakufika 20. Wakati wa mjadala mbunge mmoja mwanamume alisema maneno kuhusu wanawake na neno “hapana” yaliyowafanya wabunge wa kike watoke ukumbini. Na bado mswada ukapita. Ulipitaje? Kwa mapatano. Sehemu ya ubakaji ndani ya ndoa iliondolewa. Kikaingizwa kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayemsingizia mwenzake kosa la kingono apewe adhabu sawa na ya kosa lenyewe. Wabunge wanaume waliogopa kusingiziwa, wakapewa kitu cha kuwatuliza, wakapiga kura.

Huo ndio uanasiasa wa wastani, na sina dharau nao. Bila huo pengine sheria isingekuwepo.

Lakini jioni moja wajomba wa yule mshtakiwa walipanda ngazi za ploti ya shangazi. Hawakuja na panga. Walikuja na karatasi, fotokopi ya kifungu cha 38, wamekipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wakamwambia mama wa mtoto kwa sauti ya upole kabisa: mama, mtoto anaweza kusahau, anaweza kuchanganya sura, na ukishindwa ni wewe utaingia miaka 20, sasa nani atauza mboga? Yule mama alikaa siku tatu bila kwenda sokoni. Shangazi alilala kwake siku hizo zote, kwenye kochi, akimwambia kwamba kusingizia ni kitu kimoja na kushindwa kesi ni kitu kingine, jambo ambalo karatasi haikueleza.

Walienda kortini. Mtoto alisema yote. Yule mtu alipata 20.

Nikiwaza juu ya wanasiasa na majaji, huwa nawaza juu ya karatasi ile. Mapatano yalifanywa na watu wa suti Parliament Road, bei yake ikalipwa Umoja, ghorofa ya nne. Bungeni huwezi kukwepa hilo. Mbunge hupima: nikiacha hiki, nitapata kile. Kortini kazi ni nyingine. Yule mtoto hakuwa anataka nusu ya haki ili upande wa pili nao uridhike. Mtu aliyezoea kuuliza “nini kitapita” aweza kuketi kwenye benchi akaendelea kuuliza hivyo bila kujua, na akiwa wa wastani ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mtu wa kelele tutamshtukia mapema. Huyu tutamsifu kwa busara.

Shangazi nilimwambia hivyo, akanicheka. “Wewe unaongea ya vitabu. Mimi nataka jaji mwenye amewahi kupigania kitu akakosa nusu. Huyo anajua ile nusu ilienda wapi. Hawa wengine wanadhani sheria hushuka kama mvua.”

Basi nyumbani tuko watatu na misimamo mitatu. Wangu ni huu: wapelekwe, lakini wasubiri. Ile miaka mitano ya makamishna wa IEBC iwe pia ya majaji wa Mahakama ya Juu. Hilo halimtukani Ndung'u wala mwingine yeyote, na halimfungii nje mtu mzuri, linamwambia tu akae pembeni kidogo harufu itoke. Pili, mahojiano ya Tume ya Huduma za Mahakama yawe magumu kwao hadharani. Jaji Mkuu na naibu wake hupitishwa na Bunge, lakini majaji wengine wa Mahakama ya Juu hawapiti huko. Tume ikishampa rais jina, safari imekwisha. Waulizwe: sheria uliyoitunga ikija mbele yako, utakaa au utaondoka kwenye benchi? Hili si swali la kubuni. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu za chini za Sheria ya Makosa ya Kingono bado ni halali.

Na wasiulizwe wabunge peke yao. Mwaka 2021 mmoja wa waliohojiwa kwa kiti cha Jaji Mkuu alikuwa Fred Ngatia, wakili aliyemtetea Uhuru Kenyatta katika kesi ya uchaguzi ya 2017. Hakuwa mwanasiasa. Martha Koome ndiye aliyekipata. Otiende Amollo alikuwa kwenye Kamati ya Wataalamu pamoja na Ndung'u, akaenda njia ya Bunge, na mwaka 2017 akasimama mbele ya benchi lile kama wakili upande wa Raila. Naye Maraga, aliyesoma uamuzi ule, amestaafu na sasa anautaka urais. Tunachunga sana mlango wa kuingilia kortini, wa kutokea tumeuacha bila askari. Baba ananiambia Maraga ni tofauti. Namwuliza tofauti kivipi, anakohoa tena.

Kifungu cha 38 kilifutwa mwaka 2012. Shangazi alipopata habari hiyo alitaka kumpigia mama wa mtoto amwambie. Namba haikuingia. Walikuwa wamehama Umoja mwaka uliotangulia, wengine wakasema wameenda Kayole, wengine Ruai, na kwenye kile chumba alikuwa amehamia fundi wa friji.