Tulichemsha Kisichochemshwa

Saa moja asubuhi, kabla mabenchi hayajajaa wagonjwa, jiko la mafuta ya taa lilikuwa limekwisha kuwaka na sufuria ipo juu yake. Nilianza uuguzi mwaka 1984 katika zahanati ya kijijini, na mabomba ya sindano siku hizo yalikuwa ya kioo. Bomba na pistoni yake vilikuwa na namba moja. Ukizichanganya, dawa inavuja kwa nyuma. Tuliyafungua, tukayaosha, tukayaviringisha kwenye shashi yasigongane, tukayachemsha dakika 20. Sindano zilizobutuka tulizinoa kwa jiwe.

Kioo hakifichi kitu. Kikipata ufa, unauona, unakitupa.

Miaka ya tisini mabomba ya plastiki yalipoanza kutufikia kwa wingi, tulishangilia. Mepesi, hayavunjiki, kila moja ndani ya pakiti yake. Yaliandikwa kuwa ni ya kutumika mara moja, na maandishi hayo tuliyasoma. Lakini mgao ulipochelewa wiki ya pili, kisha ya tatu, niliyatia kwenye sufuria ileile, kwa mkono wangu. Nilifikiri hivi: kama kioo kinachemshwa na kurudi kazini, hiki kisichovunjika kitashindwaje?

Siku moja nilishika bomba lililokwisha kuchemshwa mara kadhaa. Mistari ya kipimo ilikuwa imefutika na mpira wa pistoni unanata. Mbele yangu alikuwepo mtoto wa miaka miwili anayehitaji penisilini. Nilikadiria kwa jicho. Mama yake alinishukuru, "Ahsante sista, Mungu akubariki," akambeba mgongoni wakaenda zao. Mtoto alipona. Shukrani ile bado inaniuma, maana sikujua nilimpa kiasi gani, wala nini kilikuwa kimejificha chini ya mpira ule. UKIMWI na homa ya ini vilikuwa tayari miongoni mwetu.

Miaka mingi baadaye mpwa wangu, fundi wa kalibu kiwandani, ndiye aliyenieleza nilichokuwa nimeshika. Bomba lenyewe kwa kawaida ni polipropilini. Punje zake huyeyushwa, zikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, zikapoa kwa sekunde chache. Kupoa kwa haraka namna hiyo huacha mkazo ndani ya ukuta mwembamba, na joto likiurudia, umbo laweza kupinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni lakini pistoni inakijua. Mafuta ya silikoni yanayoifanya iteleze huoshwa na maji ya moto. Hata mionzi ya kuulia vijidudu, inayofaa vifaa vingi, huifanya polipropilini ya kawaida ikakamae na kupasuka, ndiyo maana huchaguliwa aina iliyoandaliwa kuistahimili, au hutumika gesi ya ethilini oksidi. Malighafi nayo hupimwa dhidi ya chembe hai, kwa mujibu wa viwango vya ISO 10993, isije ikatoa sumu mwilini. Na ukingo mwembamba unaobaki pale nusu mbili za kalibu zinapokutana lazima uzuiwe, kwa sababu kipande chake kikimeguka huweza kuingia na dawa.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mimi nilidhani plastiki ni plastiki, ya ndoo na ya hospitali.

Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba chanjo zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe, na hadi mwisho wa 2003 nchi zote ziwe zimeyahamia. Ukishalisukuma, pistoni hairudi tena. Leo yanatengenezwa hata Kilifi, Kenya. Nilipolishika mara ya kwanza nilivuta pistoni kwa nguvu zote, ikakataa. Laiti ingekataa vile mkononi mwangu siku ile.

Wewe muuguzi uliye kazini leo, kifaa chako hakikuonyeshi ufa kama kioo chetu. Kwa hiyo tazama pakiti kabla hujaichana: ina tundu? Tarehe imepita? Na ukishaichana: pistoni inakwama, mistari imefifia, shingo inavuja? Usikitumie. Andika namba ya toleo, hifadhi pakiti, na kama uko Tanzania toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) siku hiyohiyo.