Fundi wa Chini ya Mwembe

Mwaka 1981 nilipelekwa Morogoro kukaa kwa Baba Mkubwa, na kwa kuwa nafasi ya sekondari sikuipata, nikawa spanaboi wake. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe, kando ya barabara iendayo Iringa: shimo la kuingilia chini ya gari, mnyororo wa kunyanyulia injini, na sanduku la spana ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa akiwa na grisi mikononi.

Vijana wanaoagiza kipuri kwa simu leo hawawezi kuijua dhiki ya miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Land Rover nzima ililala miezi kwa kukosa kiraba kinachoenea kiganjani. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, hata mwenye duka aliyebakiwa na beringi mbili tatu aliogopa kuonekana nazo.

Baba Mkubwa akawa anajitengenezea. Gasketi ya pampu ya maji aliikata kutoka kwenye kadibodi. Aliilaza kadibodi juu ya chuma cha pampu, akashika nyundo ya kichwa cha mviringo na kugonga taratibu akifuata ukingo, mpaka chuma chenyewe kikaikata. Matundu ya bolti aliyatoboa vivyo hivyo. Akaipaka grisi, akafunga, na maji hayakuvuja. Injini iliyogonga aliigusisha ncha ya bisibisi ndefu, mpini akauweka sikioni, akahama silinda hadi silinda amefumba macho. "Ya tatu," anasema. Tukifungua, kweli, beringi ya konrodi ya tatu imekwisha.

Lakini kwenye breki hakubahatisha. Siku moja alikuja dereva wa Bedford, kapakia saruji, raba za breki zimelika, na mafuta ya breki hayapatikani mji mzima.

"Fundi, nitilie maji ya sabuni. Wenzako wananitilia, nafika."

"Maji yanachemka breki zikipata moto. Ukiwa katikati ya mlima wa Kitonga pedeli inazama yote. Una watoto?"

"Ninao, wanne."

"Kawalete, uwapakie hapo mbele, ndipo nitakutilia."

Yule bwana alikasirika, akatukana, akazunguka mji mzima, jioni akarudi. Baba Mkubwa alimlaza nyumbani na kupanda basi kwenda Dar es Salaam mwenyewe. Aliporudi alikuwa na raba zimefungwa kwenye gazeti na chupa ya mafuta ya breki kaikumbatia kama mtoto mchanga. Dereva alikuwa amekula kwetu siku zote hizo, na tangu hapo hakupita Morogoro bila kusimama kutusalimu.

Sikuwahi kumsikia Baba Mkubwa akiwaambia wanawe kwamba anawapenda. Wanaume wa rika lake hawakusema hivyo. Jioni alijiosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa majivu na ndimu, kwa kuwa sabuni ilikuwa ya foleni na kitinda mimba wake alilia akinusa grisi. Ndipo akaketi mkekani na kuomba madaftari. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, hivyo aliwataka mabinti zake wamweleze hesabu walizofundishwa, hatua kwa hatua, na akishindwa kuelewa walizianza upya. Leo nikikumbuka naona hapakuwa na mwalimu bora kuliko yule mtu asiyejua jibu.

Mama Mkubwa alipojifungua, Baba Mkubwa alifunga gereji. Akapika uji mwenyewe, akasimama foleni ya sukari pamoja na akina mama, na wanaume wa kijiweni wakamcheka waziwazi. Mwenye lori alipomfuata nyumbani akamwambia, "Gari litanisubiri, mzazi hawezi kusubiri," akarudi jikoni.

Alifariki mwaka 1994. Aliacha daftari la madeni lenye majina ya madereva wa njia yote mpaka Tunduma, na alikuwa amemwambia mkewe asimdai mtu. Lakini wengi walikuja matangani wakaulizia kurasa zao. Yule wa Bedford hakuwa na deni lolote. Alileta magunia mawili ya mahindi kutoka Iringa, na wanawe wanne ndio walioyashusha.