Mangelepa bila sauti zile

Mwaka 2017 bendi ya Les Mangelepa ilitoa albamu iitwayo Last Band Standing, maana yake bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Jina hilo lina majigambo na huzuni kwa pamoja. Bendi ilizaliwa Nairobi mwaka 1976, na ilipotoa albamu hiyo ilikuwa imeshatimiza miaka arobaini. Wengi wa wale walioianzisha hawakuwemo tena. Kiongozi alikuwa Kabila Kabanze Evany, mmoja wa waanzilishi. Kando yake walisimama wanamuziki wengine waliokuja kujaza nafasi. Mimi niliipata miaka kadhaa baadaye, ndani ya kadi ya simu, kwa kijana anayeuza nyimbo sokoni Kadutu, zikiwa zimechanganyika na nyimbo za dini na vichekesho vya Kinshasa.

Niliinunua kwa sababu nilikuwa na barua ya kuandika, nami nilitaka kuichelewesha.

Barua yenyewe nitaieleza, lakini kwanza bendi, maana wenzangu wengi wa kitivo wanaijua kwa jina tu. Ilunga wa Ilunga, aliyejulikana kama Baba Gaston, alitoka Katanga na wanamuziki wake, akapitia Tanzania, akafika Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 kundi zima la vijana wake lilimwacha, likaanzisha Mangelepa. Kwa hiyo hao ambao leo tunawaita wenyewe, waliokuwa "wa kweli", walianza kwa kuivunja bendi ya mtu mwingine. Muziki wote wa Wakongomani wa Nairobi una habari za namna hii. Wimbo Shauri Yako, ambao kila mtu anaudhania wa Super Mazembe, ulitungwa na Nguashi Ntimbo. Mazembe waliurekodi baadaye na toleo lao likalifunika la kwanza. Anayetafuta asili safi katika nyimbo hizi atatembea sana.

Lugha nazo zimechanganyika. Wanamuziki waliolelewa katika Kiswahili cha Katanga waliimba Kilingala kwa sababu ndicho kilichouza, wakaimba Kiswahili kwa sababu ndicho walichosemea, na wimbo wao mmoja mkubwa, Nyako Konya, una jina la Kijaluo. Kwetu Shabunda mambo yalikuwa na uchungu zaidi kidogo. Nyumbani tulisema Kilega, sokoni Kiswahili, na Kilingala kilikuwa lugha ya mambo mawili: muziki na wanajeshi. Mtu aliweza kusikia Kilingala redioni akacheza, kisha akakisikia njiani akajificha.

Sasa mjomba wangu. Ni kaka wa mama, na kwa Walega mjomba hapuuzwi. Alikuwa mmoja wa vijana wanne wa Shabunda waliopiga magita ya kujitengenezea, nyuzi zikiwa nyaya za breki za baisikeli, kwenye arusi na matanga, miaka ya 1980. Kikundi kilikuwa na jina, sitaliandika hapa kwa sababu ndilo lililoleta mzozo. Wa kwanza alikufa kwa ugonjwa. Wa pili na wa tatu waliondoka katika miaka ya vita, mmoja msituni, mwingine bila mtu kujua wapi. Mjomba alishuka Bukavu na familia, na tangu hapo anachajisha simu za watu kwa sahani ya jua. Hajashika gita mbele yangu hata siku moja.

Katika mzigo wake wa kukimbia kulikuwa na kaseti sita. Moja ni ya Mangelepa, na ndani yake kuna Embakasi, ule wimbo wa kuagana wenye jina la uwanja wa ndege wa Nairobi wa wakati huo. Kaseti hiyo ilinakiliwa kutoka santuri ndogo. Santuri za aina hiyo zilikuwa fupi, wimbo ukigawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Aliyenakili aligeuza santuri bila kuzima mashine. Katikati ya wimbo muziki unakatika, unasikia mkwaruzo, mtu anakohoa, kitu kama kikombe kinawekwa mezani, kisha magita yanarudi. Mimi nilikua nikijua kwamba Embakasi ina kikohozi. Mjomba anapouimba akiwa peke yake, anaacha nafasi hapo.

Basi kuhusu barua. Mtoto wa yule marehemu wa kwanza, kijana wa umri wangu aliyebaki Shabunda, amekusanya wenzake. Baadhi yao walifanya kazi kwenye dragua za dhahabu katika mto Ulindi, wakapata pesa kidogo, wakanunua magita ya kweli. Wanataka kurekodi nyimbo za wale wazee wanne, kwa jina lile lile la kikundi. Walituma ujumbe kuomba ruhusa. Mjomba alikataa siku hiyo hiyo, akaniambia: "Mwipwa, weye unasoma malugha. Andika barua nzuri, uwaambie hapana, lakini wasikasirike." Nikamwomba muda, nikamletea Mangelepa ya 2017.

Nieleze kwanza ninavyoisikia mimi. Vyombo vya kupuliza ndivyo vilivyonishika. Mangelepa daima walikuwa na tarumbeta na saksofoni zinazoingia pamoja kama watu wanaobishana halafu ghafla wanakubaliana, na hilo limebaki. Gita la besi sasa linasikika kila noti, jambo ambalo kaseti yetu haikuruhusu kamwe. Nyimbo nyingi ni zile za zamani zilizorekodiwa upya, na hapo nina lalamiko: sauti ni safi kupita kiasi. Katika rekodi za zamani waimbaji walijaa karibu na mikrofoni, mmoja akizidi mwingine, ukasikia haraka ya watu wanaoogopa muda wa studio kwisha. Hapa hakuna anayeogopa chochote. Ni albamu nzuri ya watu wanaojua wanachofanya, na mara mbili tatu ni zaidi ya nzuri, hasa sebene inapochukua muda wake bila kukatwa na mwisho wa santuri.

Mjomba alisikiliza Embakasi mpya akiwa ameinamisha kichwa. Ilipofika pale pa kikohozi, wimbo ukaendelea tu, moja kwa moja. Akainua kichwa kama mtu aliyerukwa na ngazi. Akasema, "Hawa haiko benyewe."

Nikamwambia Evany yumo. Akasema mmoja haiko kikundi.

Hapo nikatoa elimu yangu yote. Nikamweleza Zaiko Langa Langa, waliozaliwa Kinshasa Desemba 1969, ambao mwaka 1974 walikimbiwa na Papa Wemba, Evoloko na wengine waliounda Isifi Lokole, na mwaka 1988 wakakimbiwa tena na kina Bimi Ombale na Ilo Pablo waliounda Familia Dei. Nyoka Longo alibaki, na Zaiko ikabaki Zaiko. Nikamweleza pia habari kinyume: Franco alipokufa Oktoba 1989, wanamuziki wa OK Jazz waliendelea kwa muda, lakini wakagombana na familia ya marehemu, na karibu na mwisho wa mwaka 1993 wakaondoka na kuunda Bana OK chini ya Lutumba Simaro. Jina likabaki kwa familia. Wanamuziki wakabaki na ufundi, ambao hakuna mahakama ingeweza kuwanyang'anya, ila hawakuweza tena kuuita kwa jina lake. Mjomba akauliza watu walikwenda kucheza kwa nani. Nikasema kwa Simaro. Akanyamaza, nadhani jibu hilo halikumfurahisha upande wowote.

Nilikuwa na mfano mmoja zaidi, wa rafiki yangu wa darasa, mtoto wa Goma asiyesikiliza rumba hata kidogo. Yeye ni wa muziki wa metali, magita makali na waimbaji wenye sauti za juu kama za wanakwaya waliokanyagwa. Bendi yake ni Helloween, ya Hamburg, Ujerumani. Kai Hansen, mmoja wa waanzilishi, aliondoka mwaka 1989. Mwimbaji Michael Kiske akatolewa 1993. Andi Deris akaja, akaimba zaidi ya miaka ishirini. Kisha wale wawili wakarudi, na Deris hakufukuzwa. Mwaka 2021 wakatoa albamu yenye jina la bendi tu, Helloween, watu saba jukwaani, waimbaji wa zamani na wa sasa wakipokezana. Rafiki yangu anaapa kwamba ndiyo suluhisho pekee la haki duniani. Mimi muziki wenyewe hunichosha baada ya nyimbo tatu, ila hesabu yao naiheshimu: badala ya kuuliza nani mwenyewe, waliongeza viti.

Mjomba alisema Wajerumani wana bahati, watu wao waliotoka walikuwa bado hai.

Hilo lilinifunga mdomo kwa siku kadhaa. Nikarudi na kile nilichodhani ni hoja isiyojibika, hoja ya nyumbani. Nikamwambia: katika bwami, mwenye daraja akifa, vitu vyake havizikwi. Kofia, sanamu ndogo ya pembe, kinyago, vinasubiri, kisha vinapita kwa mwingine. Hakuna anayesema sanamu hii si yenyewe kwa sababu mkono umebadilika. Thamani yake iko katika mikono mingi iliyokwisha kuishika. Ndiyo maana zimelainika na kung'aa. Kwa nini jina la kikundi liwe tofauti?

Alicheka, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

"Umeacha nusu," akasema. Akanikumbusha kwamba hakuna anayejichukulia. Anayeingia daraja analipa, na ukoo wake unalipa, na anafundishwa. Anaonyeshwa kitu kimoja kimoja, na kwa kila kitu kuna methali yake na wimbo na mchezo wake, na asiyefundishwa akikishika ameshika mti tu au mfupa tu. "Hawa watoto," akasema, "walinionyesha nini? Walisikia nyimbo kwa nani? Kwa mama zao jikoni."

Akaniomba nimwekee Embakasi tena. Safari hii alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama wale wapya wa Mangelepa walipiga wakiwa chumba kimoja na mzee Evany. Nikasema hata kama si kila dakika, yeye ndiye aliyewaongoza. "Basi walimuona mikono," akasema. Hakusema kwamba ameipenda. Alisema saksofoni iko sawa.

Nafikiri hapo ndipo nilipoielewa albamu ile kuliko nilivyoielewa peke yangu. Nilikuwa nikihesabu vichwa: wangapi wa 1976 wamebaki, wangapi wameongezwa. Mjomba alikuwa akiuliza jambo jingine kabisa, yaani kama kulikuwa na siku ambapo wa zamani na wa wapya walisimama pamoja, mmoja akimkosoa mwingine. Mangelepa wa 2017 walikuwa na siku hiyo. Kikundi cha Shabunda hakina bado, na aliyebaki wa kuitoa ni mtu mmoja mwenye miaka zaidi ya sitini, aliye upande wa pili wa barabara ambayo magari yanaliwa na matope, mahali ambapo zamani mwenye haraka alikuwa akipanda ndege ndogo Kavumu na asiye na pesa akitembea.

Barua tuliiandika jioni tatu. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kitenzi. Niliandika kwamba vijana "wanaruhusiwa kutumia" jina. Akasema jina si beleshi. Nikaandika "kurithi"; akasema hajafa. "Kuazima" nilikipenda mimi, kwa sababu kinadai kurudishwa, lakini akauliza litarudishwa kwa nani. Tukajaribu kwa Kilega, na kwa Kilega alipata neno mara moja, ila akaogopa kwamba wawili kati ya vijana ni watoto wa wafanyabiashara kutoka Maniema na hawatalielewa. Mwishowe tukaandika "kushika": wanaweza kulishika jina, kwa masharti. Wajifunze nyimbo sita kutoka kwake mwenyewe, kwa simu kama njia nyingine haipo. Kila rekodi itaje majina ya wale wanne, wa kwanza akiwa baba wa kijana. Na wimbo wa saba, ambao wenzake watatu na yeye waliutunga usiku wa matanga ya mtu fulani, wasiuguse mpaka aje au wao waje.

Mfanyabiashara mmoja aliibeba ndani ya gunia la nguo. Wiki mbili baadaye simu yangu ililia saa mbili usiku. Alikuwa yule kijana. Hakutaja masharti, hakushukuru wala hakulalamika. Alisalimia, akauliza wimbo wa pili gita linaanza kabla ya sauti au baada, kwa sababu mama yake anasema kabla na shangazi yake anasema baada.

Nikampa mjomba simu. Akageukia ukutani, akaanza kumwimbia gita kwa mdomo, kisha sauti ya kwanza, kisha ya pili, akisimama kila mara kumwambia hapana, rudia. Yuniti za kijana zikaisha kabla hawajamaliza ubeti. Mjomba akanirudishia simu na kuniuliza kama zangu zinatosha kupiga.