Mpira, Jua na Mafigo ya Kijana Wetu

Sisi huku Muscat hatujambo, joto tu ndilo linatusumbua. Wiki hii simu zimefuatana kutoka Tanga, zote na habari moja: kijana wa dada kapimwa mkojo, umeonekana una protini, na mama keshaamuru mpira ukome. Kwa kuwa siwezi kumpigia kila mtu, naandika hapa msome nyote.

Mama, shikamoo. Hofu yako naielewa. Baba mdogo tulimuuguza miaka miwili akisafishwa damu, kisha tukamzika. Lakini baba mdogo hakuuliwa na mpira. Ilikuwa presha, na mazoezi ya wastani ni moja ya kinga za presha na kisukari, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kumaliza mafigo ya watu.

Sasa, kijana alipimwa saa ngapi? Dada kaniambia alitokea uwanjani moja kwa moja, jasho halijakauka. Mwili ukitulia, mafigo hupata kama sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, karibu lita moja kwa dakika. Ukikimbia, damu nyingi huenda kwenye misuli na ngozi. Mazoezi ya wastani, yale unayofanya huku unaweza kuongea, huyapunguzia mafigo damu kidogo tu. Yale ya kukata pumzi hupunguza sana, na hapo protini, hata damu kidogo, huweza kutokea kwenye mkojo. Kwa mwenye afya huondoka zenyewe ndani ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo apumzike siku mbili, halafu apeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiwa safi, mwacheni acheze. Protini ikirudi, aende kwa daktari apimwe presha na damu, bila kuchelewa. Hata hapo si mwisho wa dunia: Alonzo Mourning, mcheza kikapu wa Marekani, aligundulika na ugonjwa wa figo mwaka 2000, akawekewa figo jingine Desemba 2003, na mwaka 2006 akatwaa ubingwa wa NBA na Miami Heat.

Mimi ninachokiogopa ni jua na vidonge. Hapa Oman, Juni hadi Agosti, sheria inakataza vibarua kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Vijana wetu hucheza baada ya Isha. Huko nyumbani mechi inapigwa saa nane mchana, na mtu kameza Diclofenac ili goti litulie! Dawa za jamii hiyo, pamoja na Ibuprofen, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukichanganya na jasho na kiu, ndipo figo huumia ghafla.

Dada, mwambie anywe maji akisikia kiu, asimeze vidonge ili acheze, na acheze jioni. Misuli ikimuuma kupita kiasi na mkojo ukawa mweusi kama Coca-Cola, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hela ya kipimo naituma Ijumaa, inshallah. Nisalimieni wote.