Kusoma Nyayo Katika Theluji

Huko Ely, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, baridi ya Januari hushuka mara nyingi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Wenyeji wetu walitufunga viatu vipana vya kutembelea thelujini, tukaingia msituni. Wanyama wenyewe hatukuwaona. Tuliona walikopita.

Nyayo za sungura zipo kila mahali: miwili midogo nyuma, miwili mikubwa mbele. Sungura akiruka hutua kwa miguu ya mbele, kisha ile ya nyuma, iliyo mikubwa, huipita na kutua mbele yake. Ukitaka kujua alikokwenda, fuata mikubwa.

Unyayo wa mbwa mwitu wa huko (si yule wa mabaka wa mbuga zetu) unakaribia urefu wa kiganja, na kucha zinaonekana. Lakini mbwa mkubwa wa nyumbani naye huacha alama kama hiyo. Basi tazama mwendo. Mbwa anayelishwa huzurura, ananusa huku na huko. Mbwa mwitu hana nguvu za kupoteza. Huenda moja kwa moja, mguu wa nyuma ukikanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele. Wakiwa kundi hufuatana, hata watano wakaonekana mmoja.

Kilichotugusa zaidi sisi wauguzi ni kwato. Kulungu wa huko ana kwato ndogo zilizochongoka mbele. Musi, ndugu yake mrefu kama farasi, kwato zake zapata sentimeta 15. Kulungu hubeba mnyoo asiyemdhuru yeye. Mnyoo huo hutoka na kinyesi chake, hupitia kwa konokono, kama kichocho kwetu, na musi akimmeza konokono pamoja na majani, mnyoo humwingia ubongoni na aweza kumwua. Ndiyo sababu wenyeji hawapendi kuona nyayo za hao wawili mahali pamoja. Mwaka 2006 musi wa kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo walikadiriwa kuwa 8,800 hivi; hesabu za miaka ya karibuni ni karibu nusu tu ya hapo. Ugonjwa huo ni sababu mojawapo.

Upya wa unyayo hujulikana kwa kidole. Theluji iliyokanyagwa huganda baada ya muda. Ukigusa ukingo ukawa mgumu, mnyama amekwisha kwenda. (Vua glavu kwa nafasi ndogo tu! Vidole hufa ganzi upesi.)

Karibu na ziwa tulikuta kwato kubwa, na kando yake ndogo zaidi za umbo lilelile. Ukingo ulikuwa laini kama unga. Musi na ndama wake, ambaye hukaa na mama majira yote ya baridi. Mama huyo akilaza masikio nyuma, ni hatari kuliko mbwa mwitu. Mwenyeji wetu aliinua mkono bila kusema neno. Tukageuka, tukarudi tukikanyaga nyayo zetu wenyewe, hakuna aliyezungumza mpaka barabarani.