Winchi ya Shafti

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, masika yakianza, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi haikujali gari lina mbio kiasi gani. Swali lilikuwa: lina winchi? Nilikuwa utingo wa Land Cruiser ya dizeli, na yetu ilikuwa nayo.

Winchi ile haikuwa na mota yake. Shafti ilitoka upande wa giaboksi, ikapita chini ya injini hadi kwenye bampa, ikazungusha ngoma ya waya. Mimi nilitangulia na ndoana, tope mapajani, nikafunga kwenye shina la mkorosho juu ya gunia ili gome lisichubuke. Pasipo na mti tulifukia tairi la akiba. Dereva alivuta wenzo mfupi sakafuni, akaweka gia, akaachia klachi taratibu. Gari lilitoka polepole mno, lakini lilitoka.

Uhai wa winchi ile ulikuwa pini. Ilikaa pale shafti inapoungana na winchi, ya chuma laini makusudi, ili mzigo ukizidi ikatike yenyewe kabla meno ya gia hayajang'oka. Ilikatika kwa mlio mkavu, ngoma ikasimama, ukaingia chini ya bampa na nyundo kutoa vipande. Waliochoka kazi hiyo walichomeka boliti ngumu. Nimeona matokeo yake: bodi ya winchi imepasuka, gari limelala porini. Dereva wangu alikuwa na kopo la pini chini ya kiti, na hakuna aliyeligusa bila ruhusa yake.

Winchi za umeme zilikuwepo siku nyingi. Kampuni ya Warn ya Marekani ilitoa winchi yake ya 8274 mwaka 1974. Kwetu zilienea baadaye, na zina sifa zake: unashika swichi ukiwa umesimama pembeni, na hata injini ikizimika mtoni betri bado inavuta. Ila zinakula umeme kwa mamia ya ampea. Mota ikichemka, unasubiri. Ya shafti ilivuta mradi tanki lina dizeli.

Kisha lami ikafika, na winchi nyingi za shafti zikaishia kwenye chuma chakavu. Kwa tope zito bado sijaona mbadala wake. Kama unayo, usiiuze kwa kilo: tia grisi viungo vya shafti, beba pini laini za kutosha, na kabla ya kuvuta tandika gunia zito juu ya waya na uwaondoe watu wote karibu nao.