Baraka: Njiwa wanaopinduka angani na ukoo wao

Kila jioni mnamo saa 11, jua likishaanza kujificha nyuma ya milima, baba mmoja wa hapa Baraka anafungua kimlango cha banda lake la mbao na kurudi nyuma hatua mbili. Njiwa 14 wanatoka. Hawajala tangu jana jioni, kwa hiyo ni wepesi. Wanazunguka juu ya mabati ya jirani, wanapanda, wanaelekea upande wa ziwa hadi wanaonekana kama vumbi mbele ya mlima wa Ubwari, kisha wanarudi. Ghafla mmoja anasimama angani kama aliyepigwa jiwe. Anajipindua kinyumenyume, tena na tena, haraka hata jicho haliwezi kuhesabu, anashuka kimo cha nyumba moja au mbili, anakunjua mabawa na kupanda kuwafuata wenzake. Uwanjani watoto wanapiga kelele.

Wengi wa watoto hao si wa mtaa huu. Mwezi wa 12 mwaka 2025, vita vilipofika Uvira, watu walifuata barabara ya ziwa, Makobola, Swima, Mboko, wakaingia Baraka na godoro kichwani. Wengine walilala makanisani na shuleni, wengine walipokelewa na familia. Nyumbani kwa baba huyu wamepokelewa watu 7: mama, mama mkwe wake, na watoto 5. Mtoto mkubwa ana miaka 12, na yeye ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Mtu akiona mara ya kwanza atasema njiwa huyo ana kifafa. Jirani mmoja alisema wazi kwamba ni dawa. Hakuna dawa. Kupinduka huko kumo katika damu ya ndege kama vile urefu au rangi ya macho ilivyo katika damu ya mtu. Chukua yai la njiwa wa namna hiyo, liweke chini ya njiwa wa kawaida aliatamie na kulisha kinda: kinda likikua litajipindua, ijapokuwa wazazi waliolilea hawajui kitu hicho. Haanzi mara moja. Kwanza anaruka kama wengine kwa wiki nyingi. Siku moja anakaa mkia angani kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Baadaye anageuka mara moja, halafu mbili. Mwingine anakomaa baada ya miezi, na mwingine harukii zaidi ya hapo maisha yake yote.

Baba huyu alianza kupenda njiwa kwa baba yake, ambaye aliwafuga wa kawaida, wa kula. Mwaka 1996 vita vilipokuja, familia ilivuka ziwa kwenda Kigoma, na kutoka hapo kambi ya Nyarugusu. Mzee aliacha mlango wa banda wazi na gunia la mahindi limefunguliwa. Mtoto alikuwa na miaka 8, na kwa muda mrefu kambini alikuwa akiuliza gunia limeisha lini. Walirudi kwa meli baada ya mwaka 2005, wakati HCR ilipoanza kurudisha watu wa Fizi kutoka Tanzania. Banda halikuwepo. Hata nyumba ilikuwa imebaki msingi tu.

Dume wa kwanza anayepinduka alimnunua Bujumbura, akienda kule kwa biashara ya ndagala. Muuzaji alitaka bei ya kuku wawili. Akamleta Baraka katika katoni lenye matundu na kumwoza na jike wa kawaida wa kijivu, kwa sababu jike mwingine hakuwa naye. Njiwa hutaga mayai 2, dume na jike huatamia kwa zamu, na baada ya siku 17 au 18 makinda hutoka. Akangoja. Makinda ya kwanza yakakua, yakaruka vizuri sana, na hakuna hata mmoja aliyejipindua. Makinda ya pili, vilevile. Mke wake akamwambia kwamba kuku wawili wangekuwa wameshazaa.

Hapo ndipo wengi huacha. Wanafikiri damu imepotea, kumbe imejificha. Tabia hii, ukimchanganya mwenye nayo na asiye nayo, mara nyingi hupotea kwa watoto na kurudi kwa wajukuu. Kinachotakiwa ni kumrudisha binti kwa baba yake, au mjukuu kwa babu, ili damu ile ikutane tena. Kwa watu wa Fizi jambo hili ni gumu hata kulitamka, maana kwetu kijana haoi ndani ya ukoo wake, na wazee wa kanisa walipopita siku moja alipokuwa anaeleza, alinyamaza mpaka wakapita. Lakini kwa ndege ndivyo ukoo unavyojengwa. Binti wa kijivu alipoozwa na baba yake, katika makinda yao mmoja mwenye doa jeupe shingoni alianza kupinduka mwezi wa 4 wa maisha yake. Siku hiyo baba huyu hakwenda sokoni.

Duniani kuna watu waliofanya kazi hiyo kwa vizazi vingi. Uingereza, katika mji wa Birmingham na vijiji vya viwanda vilivyo karibu, wafanyakazi waliwafuga nyuma ya nyumba zao hadi ndege hao wakapewa jina la mji huo. Mmoja wao, William Pensom, aliwapeleka Marekani na kuhamia huko mwenyewe. Leo kuna mashindano ambapo kundi la njiwa 20 hivi hurushwa kwa dakika 20, na mwamuzi huhesabu wangapi wamepinduka kwa pamoja. Hata Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alianza na njiwa wa kufugwa kabla ya kufika kwa wanyama wa porini. Alikuwa na mabanda yake nyumbani. Baba wa Baraka hana mwamuzi. Ana kaye ya shule yenye mistari, na nyuzi za rangi anazofunga miguuni mwa makinda: nyekundu kwa watoto wa doa jeupe, buluu kwa watoto wa dada yake. Katika kaye kuna nani kazaliwa na nani, tarehe, na alama ndogo: duara kwa anayepinduka, mstari kwa anayeruka tu, msalaba kwa anayefika chini.

Msalaba ndio unaouma. Kuna njiwa ambao damu hiyo imewazidi. Wanaanza kupinduka na hawawezi kusimama hadi wanapiga bati au ardhi. Watoto wanashangilia hao kuliko wote, kwa sababu wanashuka mbali. Mfugaji mwenye haraka atapenda kuzalisha nao, na baada ya vizazi viwili atakuwa anaokota maiti. Kwa hiyo yeye hachagui anayeshuka sana wala mwenye rangi nzuri. Anachagua anayepinduka akiwa amejikunja vizuri kama mpira, akasimama mwenyewe, akarudi kwa wenzake haraka. Na akiona mayai hayaanguliwi au makinda ni dhaifu, anajua amekaza undugu kupita kiasi, anatafuta damu kidogo ya nje na kuanza tena kungoja wajukuu.

Wale wenye mstari na msalaba huenda kwenye chungu. Ndivyo ilivyokuwa daima, na hakuna aliyelalamika, nyama ya kinda la njiwa ni laini na mgonjwa anaiweza. Lakini wageni 7 walipofika, hesabu ilibadilika. Bei ya mahindi ilipanda pamoja na ile ya unga wa muhogo. Kuna siku nyumba ilikula mara moja, sombe bila mafuta. Jirani akauliza, bila kumtazama, kama ni kweli kuna mtu anayemwaga mahindi kwa ndege. Swali hilo lilikuwa la haki. Baba huyu alikuwa na njiwa 31. Katika wiki 3 wakapikwa wote wenye mstari, kisha wenye duara wa mwaka huo ambao hawajathibitika. Mama mgeni ndiye aliyewaandaa, na alikuwa wa kwanza kusema: «Baba, hao waliobaki uwaache. Nimemwona mwanangu anavyowatazama.»

Walibaki 14.

Kijana naye alikuwa na lake. Alitoka Uvira na jike mmoja amemficha ndani ya sweta, njia yote, hadi Baraka. Alimweka kwenye kikapo siku 4, akampa maji na punje za mchele, kisha akafungua kifuniko ili amwone akiruka pamoja na wengine. Jike alizunguka mara mbili juu ya uwanja na kushika njia ya kaskazini, akifuata ufuko wa ziwa. Kijana alikaa chini ya mwembe hadi usiku. Mwenye nyumba alijilaumu kwa kutomwambia mapema, kwa kuwa kila mfugaji anajua: njiwa mkubwa aliyekwisha kuruka hafuati watu. Anafuata paa lake. Ukihama na wakubwa, uwafungie wasitoke kamwe, wazae ndani kama wafungwa, na ufungulie watoto wao tu. Watoto watajua paa jipya kuwa ndilo kwao.

«Papa, atafika?» kijana aliuliza.

«Anajua njia kuliko sisi.»

«Na nani atampa maji?»

Hakujibiwa.

Mwezi uliofuata mama mgeni alipata habari kwamba kaka yake yuko Kazimia na ana chumba. Boti lilikuwa liondoke alfajiri. Usiku ule mwenye nyumba alipanda bandani na tochi ya simu, akashuka na makinda 4 ya wiki ya tano, yaliyoota manyoya yote lakini hayajatoka nje hata siku moja. Mawili yana uzi mwekundu na mawili buluu, ili kesho wasije wakaoana kaka na dada wa kiota kimoja. Alichana ukurasa mmoja wa kaye, akauandika upya kwa mkono mkubwa: wazazi, babu, alama zao. Akamwambia kijana awafungie wiki mbili mahali watakapoona anga kupitia wavu, awafungulie jioni wakiwa na njaa, apige kopo kabla ya kumwaga chakula, na asiwatoe siku ya upepo. Mwewe, aliongeza, huyo hana ushauri.

Kijana aliangalia ndani ya katoni kwa muda mrefu.

«Dume ni yupi?»

«Hata mimi sijui. Subiri miezi mitano, watakuambia wenyewe.»